Fundi Fanuel na Ngazi Tatu

Watu wa mji mdogo wa Mpemba walipomuuliza Fanuel, fundi viatu, kwa nini kila Jumamosi anatambaa barabarani ilhali baiskeli ya magurudumu matatu anayo, jibu lilitegemea nani anauliza. Mlevi aliambiwa baiskeli ina pancha. Dereva wa lori, ambaye kesho angekuwa Lusaka na asingerudi kuhakikisha, aliambiwa ni mazoezi ya kupunguza kitambi. Ni mtu wa heshima tu, labda mwalimu wa shule au mama anayetoka kliniki, aliyeambiwa ukweli: leo ni Sabato, na siku ya Sabato chombo hakiendeshwi. Na huyo wa heshima naye, akishapita hatua mbili tatu, alicheka kuliko mlevi.

Tusimlaumu. Ukikaa kando ya ile barabara ya kwenda mpakani utaona kila kitu kikipita: mahindi, shaba, mitumba, wahubiri na spika zao. Lakini Wayahudi? Watu waliwaita Wasabato, wakaelezwa kwamba hawa siyo hao, wakaitikia kwa adabu, kisha wakaendelea kuwaita Wasabato. Zilikuwa kaya kumi na moja tu, Wanyiha na Wanamwanga wakulima, na nyumba yao ya sala ilikuwa juu ya mteremko, kilomita moja na nusu kutoka kibanda cha Fanuel. Kilomita moja na nusu kwa mwenye miguu ni kitu gani? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa Fanuel, aliyepooza miguu yote miwili kwa polio akiwa na miaka mitatu kule kijiji cha Ruanda, Mbozi, ilikuwa saa nzima ya kujivuta kwa mikono, viganja vikiwa ndani ya katambuga alizojikatia mwenyewe kutoka tairi la lori.

Habari ya Wayahudi hao ilianza na Mzee Manase wa Ihanda. Ujanani alivuka kwenda Zambia kutafuta kazi ya mgodi, akaishia dukani kwa Myahudi mmoja wa Ndola aliyeuza vitambaa. Akakaa naye miaka kumi na tisa. Akajifunza kufunga duka Ijumaa kabla jua halijazama, akajifunza na herufi zao, kwa kuwa tajiri yule alikuwa mpweke na hakuwa na mtu mwingine wa kusoma naye. Duka lilipofungwa, Manase alirudi Mbozi na vitu viwili sandukuni: kitabu cha sala na kitabu kikubwa cha Torati, vyote kwa Kiebrania. Akalima kahawa kimyakimya kwa miaka mingi. Mwaka wa themanini na sita akaliacha kanisa, akahamia Mpemba, na watu wachache wakamfuata.

Fanuel alimfuata kwa sababu ambayo hakuwahi kuwaambia wenzake. Kanisani alikokulia alikuwa mtu wa kuombewa. Mhubiri yeyote mgeni akifika, kabla hata hajanywa maji, macho yalimwangukia Fanuel. Atawekewa mikono, atapigiwa kelele, ataamriwa asimame atembee. Naye hasimami. Basi jioni inasemwa kwamba hana imani. Tangu utoto mpaka anaota ndevu, mwanadamu anaamriwa asimame na hasimami, na lawama ni yake. Kwa Mzee Manase hakuna aliyemwambia asimame. Mara ya kwanza kukutana, mzee alimpa kipande cha mfuko wa saruji chenye herufi ishirini na mbili, akamwambia, "Jifunze hizi, nitarudi Alhamisi."

Alirudi Alhamisi. Fanuel alikuwa anazijua zote.

Walikuwa wanafunzi saba. Sita waliacha, mmoja baada ya mwingine, kwa vile shamba haliwezi kukusubiri umalize herufi. Fanuel alikuwa anakaa kutwa nzima pale chini ya turubai lake, sindano mkononi, na kazi ya kushona soli haizuii midomo. Akasoma. Mwaka wa tatu alikuwa anasoma vizuri kuliko mwalimu wake, na mwalimu alijua hivyo na kujivunia.

Sasa ndipo palipo na neno lenyewe. Katika sala ya Sabato asubuhi, mwanamume huitwa kwa jina lake na la baba yake, aende mbele, asome fungu la wiki hiyo kutoka kitabu kikubwa. Ni heshima kubwa kuliko zote walizokuwa nazo. Wasiojua Kiebrania waliitwa kusema baraka tu, na Mzee Manase akawasomea. Zamu ilizunguka. Ilipomfikia Fanuel, mzee alifungua Walawi sura ya ishirini na moja, akasoma mbele ya watu kwamba mtu mwenye kasoro mwilini asikaribie: kipofu, kiwete, aliyevunjika mkono, mwenye kibiongo, na orodha inaendelea. Akafunga kitabu. Akasema kwa upole, na Fanuel alikumbuka upole huo maisha yake yote kwa sababu ndio uliomchoma, "Mwanangu, si mimi. Imeandikwa."

Na imeandikwa kweli. Ila imeandikwa kwa ajili ya makuhani, wazao wa Haruni, na madhabahu ya Yerusalemu ambayo ilibomolewa zamani. Mkulima wa kahawa wa Mbozi siyo kuhani, awe na miguu miwili au minne. Tena mistari michache mbele imeelezwa kwamba hata huyo kuhani mwenye kasoro hafukuzwi, anakula chakula kitakatifu pamoja na ndugu zake. Fanuel aliyaona haya mwenyewe alipoweza kusoma, akampelekea mzee. Mzee Manase alisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma vizuri," akasema. "Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, Fanuel. Angekuja mtu mzima wa viungo akaniambia maneno hayo, ningemsikiliza."

Mwenye viungo gani angekuja, wakati wenye kusoma walikuwa wao wawili tu? Fanuel hakuuliza. Alivaa katambuga zake za mikono akarudi kazini.

Walimpa kazi nyingine ili asikae bure. Torati haisomwi kwa kichwa hata kama unaijua; lazima jicho liwe kwenye herufi, na msomaji akikosea neno moja, lazima arudishwe. Basi Fanuel akawa mrekebishaji. Alikaa chini, na kitabu kidogo mapajani, akifuata. Mzee akiteleza, Fanuel anatamka neno sahihi, mzee analirudia, wanaendelea. Mwaka wa tisini na tano, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbozi na bei ikachangamka, wakajenga nyumba ya tofali za saruji, na mbele wakainua jukwaa la ngazi tatu ili kitabu kikae juu ya vichwa vya watu. Fanuel alichangia. Siku ya kuzindua alisifia jukwaa kama wengine, kisha akaenda kukaa chini ya ngazi.

Alikaa hapo miaka.

Mke wake, Tupokigwe, aliyeuza mihogo ya kukaanga kwa madereva, ndiye aliyeijua gharama. Yeye ndiye aliyefua suruali zile zilizochanika magotini, ndiye aliyemkanda mabega Jumamosi usiku kwa maji ya moto na chumvi. "Fanuel," alisema, na alisema mara nyingi mpaka maneno yakawa kama salamu, "wewe umewafundisha watoto wao wote herufi. Unawarekebisha. Halafu wanakuacha chini kama ndala. Unarudi kufanya nini?"

"Kurekebisha."

"Hujafa hujaumbika. Hao wanaosimama leo wote wamehakikishiwa miguu na nani?"

Fanuel alikuwa amechoka kutafuta jibu. Uchovu wake haukuwa wa mabega. Mabega yalipona Jumapili. Ulikuwa uchovu wa kutamani kitu kilekile kila wiki, kukiona kinapewa watu wasiojua alifu wala be, na kurudi nyumbani. Alitaka kusikia jina lake likiitwa, basi, "Fanuel mwana wa Mbonile," hata mara moja. Mama yake, Ruti, aliyembeba mgongoni mpaka akiwa na miaka kumi na minne, alizikwa mwaka wa tisini na tisa akiwa bado anauliza, "Wameshakuita?"

Mwaka wa elfu mbili na tano hivi, Mzee Manase akaanza tabia mpya. Kila Jumatano alifika kibandani na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Nisomee fungu la wiki hii. Nataka kusikia matamshi yako." Fanuel alifurahi. Alisoma huku madereva wakisubiri viatu vyao, mmoja wa Zambia alizoea hata kusalimia kwa lugha ya kwao kisha kuuliza, "Mulishani ba fundi, leo Musa anasema nini?" Mzee alifumba macho, midomo ikicheza. Akaomba irudiwe. Akaomba tena. Jumatano zikawa Jumatatu na Jumatano, halafu Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Fanuel alielewa Sabato moja ya mwezi wa Machi, mwaka wa elfu mbili na sita. Alikuwa chini ya ngazi, anafuata kwenye kitabu chake kidogo, na alipogeuza ukurasa ilimjia kwamba ni karatasi yake peke yake iliyolia. Juu hapakuwa na sauti ya karatasi. Mzee alisoma kurasa nne, neno kwa neno, bila kosa, na hakugeuza hata moja. Kumbe aliyekuwa anasoma pale juu ni Fanuel mwenyewe, kwa mdomo wa mtu mwingine.

Alimwambia mke wake usiku ule akiwa anakandwa. Tupokigwe aliacha kukanda.

"Haoni?"

"Haoni. Nadhani ni ile presha ya macho. Anahesabu ngazi kwa mguu."

"Kipofu ni wa kwanza kwenye ile orodha yao. Kabla ya kiwete. Simama useme." Akayasikia maneno yake mwenyewe, akacheka kidogo. "Basi kaa useme."

"Nikisema, yeye atashuka. Mimi sitapanda. Watafunga kitabu."

Hiyo ilikuwa sababu moja. Ya pili ni kwamba alimpenda yule mzee, na hilo lilimkera, maana mtu aliyekunyima kitu kimoja tu maishani unachokitaka, kwa haki ungemchukia ukapumzika. Ya tatu aliiona aibu kuisema hata kitandani: siku za Jumatano alijisikia kama ameitwa. Basi akanyamaza, na kunyamaza nako ni kazi. Miaka miwili alimnywesha mzee maneno kama mtoto anavyonyweshwa uji, na kila Sabato akasikia watu wakisema, huyu Mzee Manase Mungu amemwachia akili kama ya kijana.

Ukafika Mei, mwaka wa elfu mbili na nane. Mvua zilikuwa za mwisho mwisho, baridi inaingia, kahawa imeanza kuiva. Fungu la wiki lilikuwa lile lenye Walawi ishirini na moja. Lilikuja kila mwaka, na kila mwaka Fanuel alilifuata kwenye kitabu chake kwa meno yaliyobanana. Mwaka jana na mwaka juzi mzee hakuwa amemwomba amsomee. Fungu hili alikuwa amelishika toka zamani. Safari hii alikuja. Uzee ulikuwa umeanza kumwibia na hayo aliyoyashika.

Jumatano, kiti cha wateja, fimbo magotini. Fanuel akasoma. Alipofika kwenye orodha akatamka kipofu, akatamka kiwete, akaendelea mpaka mwisho.

"Rudia," mzee akasema.

Akarudia.

"Rudia hapo tu."

Akarudia hapo tu. Lori lilikuwa linanguruma kwenye foleni na dereva amelala juu ya usukani. Mzee Manase alinyoosha mkono, akapapasa, akashika bega la Fanuel.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, mzee."

"Mbona hukusema?"

Fanuel alivuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno. "Mwamba ngoma huvutia kwake," akasema.

Mzee aliondoa mkono begani. Akainuka akaenda zake, fimbo ikigonga ukingo wa mtaro, na Fanuel akamtazama bila kumwita. Hakujua kama amemuumiza, na alichoka mno hata kujuta.

Usiku wa kuamkia Sabato mvua ilinyesha. Asubuhi njia ya mteremkoni ilikuwa tope tupu. Tupokigwe alisimama mlangoni akaitazama, akasema safari hii asiende, Mungu mwenyewe ameona tope hilo. Fanuel alikaa na katambuga mkononi muda mrefu. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili aliona kwamba anaweza kubaki, na kwamba akibaki leo hatarudi tena kamwe, na hakuna atakayelia. Kilichomtoa ndani ni wasiwasi. Mzee alikuwa hajalishika fungu vizuri. Angekwama, na chini ya ngazi pasingekuwa na mtu.

"Twende wote basi," Tupokigwe akasema, ingawa yeye siku hizi alikuwa haendi.

Walifika wamechelewa, Fanuel ametapakaa tope mpaka kifuani. Rabson, mtoto wa Mzee Manase, aliyekuwa katibu wa jumuiya na mtu wa utaratibu, alimtazama yeye, akaitazama sakafu. Fanuel alivua katambuga mlangoni kama wengine walivyovua viatu, akajivuta mpaka mahali pake. Mzee alikuwa ameshapanda. Akaanza kusoma.

Alisoma vizuri mwanzoni. Halafu akafika kwenye orodha, akakwama.

Fanuel alisubiri neno limjie mzee. Halikuja. Watu wakainua vichwa. "Iver," Fanuel akatamka taratibu kutoka chini. Ndilo neno lenyewe, kipofu. Mzee hakulirudia. Fanuel akatamka tena kwa sauti zaidi, akidhani hakusikia.

"Nimesikia," Mzee Manase akasema kwa Kiswahili.

Aliondoa mikono kwenye kitabu. "Ndugu zangu, mimi ni kipofu. Mwaka wa tatu sasa. Torati mliyoisikia miaka hii ni Fanuel aliyonisomea pale barabarani nikaimeza. Nimewasomea kwa kichwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kwamba haisomwi kwa kichwa."

Upande wa wanawake mtu aliguna. Rabson alikuwa amesimama. "Baba, shuka kwanza, unaumwa."

"Siumwi. Sioni."

"Basi tufunge kitabu," Rabson akasema bila kumtazama, maana siyo rahisi kusikia baba yako akijivua nguo mbele za watu. "Sheria ni ileile. Mwenye kasoro asikaribie. Tutafunga mpaka apatikane msomaji."

"Sheria hiyo ni ya makuhani," mzee akasema. "Fanuel alinionyesha mwaka wa themanini na tisa. Nilimwambia anajitetea." Akatafuta ukingo wa meza kwa vidole, akaushika. "Hapa tuko wawili wenye kasoro. Mmoja aliweza kuificha na mwingine hakuweza. Aliyeificha mkamwacha juu. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, na nimekosa."

Akashuka. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiitafuta kila moja kwa kidole gumba cha mguu, na hakuna aliyemsaidia kwa kuwa kila mtu alikuwa ameganda. Alipofika chini aligeuka kuelekea ilipo meza, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ile ya kuita, kwa Kiebrania kwanza, kisha kwa Kiswahili: "Fanuel, mwana wa Mbonile."

Nitasema nini? Kama ungekuwa wewe ungelia, au ungekimbia. Fanuel alisikia jina lake na jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba ana tope. Akajipangusa viganja kwenye shati. Akaweka kiganja kwenye ngazi ya kwanza, akajivuta. Ya pili, akajivuta. Wanaume wawili walisogea kumbeba akawatikisia kichwa. Ya tatu ilikuwa ndefu kuliko nyingine, fundi aliikosea vipimo, na hilo mtu anayepanda kwa miguu hawezi kulijua.

Alipofika juu aliinua macho, akaona miguu ya meza. Meza ilikuwa imetengenezwa kwa mtu aliyesimama. Kitabu kilikuwa huko juu, hata ukingo wake hakuuona. Miaka kumi na mitatu alikuwa amewaza ngazi. Hakuwahi kuwaza meza. Alikaa pale mbele ya watu wote akitazama mbao.

"Unaijua kwa kichwa," mtu mmoja akamnong'oneza. "Soma tu."

Aliijua, ndiyo. Angeweza kuisoma amefumba macho. "Haisomwi kwa kichwa," Fanuel akasema. "Nileteeni kitabu."

Walitazamana. Mwisho Rabson ndiye aliyepanda. Alikibeba kitabu kikubwa kwa mikono miwili, na kwa kuwa hakiwekwi chini, aliinama nacho mpaka kikafika usawa wa kifua cha Fanuel, akabaki hivyohivyo. Fanuel alisema baraka. Akaweka kidole kwenye herufi. Akaanza pale mzee alipokwama, kipofu, kiwete, akaisoma orodha yote bila haraka, akapita kwenye ule mstari wa anayekula pamoja na ndugu zake, akausoma, akautafsiri kwa Kiswahili kama ilivyo desturi, kwa sauti ya kawaida, kisha akaendelea mpaka mwisho wa fungu. Ni fungu refu, lina sikukuu zote za mwaka. Jasho la Rabson lilidondoka kwenye mkono wa Fanuel na hakuna aliyelizungumzia. Chini ya ngazi, mahali palipokuwa pa mrekebishaji, Mzee Manase alikaa sakafuni akisikiliza. Hapakuwa na cha kurekebisha.

Baadaye walimshika mikono, wakampongeza, mwanamke mmoja mzee akapiga kigelegele ingawa siyo desturi yao. Fanuel aliitikia ahsante, ahsante. Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda.

Njiani, kwenye tope, Tupokigwe alitembea taratibu kando yake. "Haya," akasema. "Wamekuita."

"Wameniita."

"Umefurahi?"

Alijivuta hatua kama kumi kabla hajajibu. "Nilidhani nitafurahi zaidi," akasema. "Mama angefurahi. Mimi nimechoka tu." Na Tupokigwe, ambaye alikuwa na maneno kwa kila kitu, alitembea tu kando yake mpaka nyumbani. Alichemsha maji Sabato ilipotoka.

Jumapili asubuhi, kabla foleni ya malori haijawa ndefu, Rabson alifika kibandani. Alikuwa na futi ya kamba, penseli na msumeno, na alitembea kwa kujishika kiuno. Alisalimia. Akasema wazee wameamua meza ikatwe miguu, na yeye ametumwa aje apime. Fanuel aliweka kiatu kando, akakaa vizuri, akaonyesha kwa ubapa wa mkono chini kidogo ya kifua.

"Hapa."

Rabson alichuchumaa, akapima kutoka ardhini mpaka kwenye ule mkono. Akapima tena. Alikiangalia kipimo kwa mashaka, akajikanda mgongo.

"Mbona ni chini sana, kaka Fanuel? Ikiwa hivi, sisi wengine wote tutakuwa tunainama."

Fanuel alichukua kile kiatu, akatafuta tundu la mwisho la sindano.

"Mtazoea," akasema.